Kupima mwamba wenu: satelaiti, kinasa joto, utepe au daftari la diko?

Kila kaskazi inapoanza kulegea, simu yangu huleta swali lilelile kwa sura mpya. Mwaka huu limetoka kwa katibu wa kamati ya uvuvi ya shehia moja huko Pemba. Kabla yake waliuliza BMU moja, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe wao, kusini mwa Mombasa, na kabla ya hao wanafunzi watatu waliokuwa wakiandaa utafiti wao wa mwisho wa chuo. Wote wana fedha kidogo, chombo cha kuazima, na hofu ya kweli kwamba mwamba wao haufanani tena na ule waliokua nao. Wanataka kujua: kama uwezo wetu ni wa jambo moja au mawili tu, tupime kwa nini?

Kwenye simu hujibu kwa ufupi mno, na watu huishia kununua kifaa walichokiona kwa wenzao. Kwa hiyo leo naandika kwa urefu. Nitalinganisha njia nne nilizozitumia mwenyewe: joto la bahari linalosomwa na satelaiti, kinasa joto kinachofungwa mwambani, utepe wa kuhesabia matumbawe, na daftari la mazao dikoni, pale vyombo vinaposhushia samaki. Njia ya tano, maboya ya Argo, naiondoa sasa hivi. Maboya hayo, karibu 4,000 duniani kote, huelea mita 1,000 chini ya uso wa bahari. Kila baada ya siku kumi hivi huzama hadi mita 2,000, kisha hupanda yakipima joto na chumvi na kutuma takwimu. Yamesaidia mno kuthibitisha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada la dunia linaingia baharini. Lakini mwamba wenu una maji ya mita tatu au nne. Argo haifiki huko.

Joto la angani na joto la mwambani

Satelaiti ni bure, ndiyo maana naanza nayo. Taasisi ya bahari na anga ya Marekani, NOAA, ina programu iitwayo Coral Reef Watch ambayo kila siku hutoa ramani ya joto la uso wa bahari kwa vipande vya mraba vya kilomita tano kwa tano. Mnahitaji simu na bando tu. Cha kutazama hapo ni hesabu ya joto lililolimbikizana, ambayo mimi huiita digrii-wiki. Inakokotolewa hivi: chukua wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote mahali penu, ambao kwa pwani yetu huwa Machi au Aprili. Bahari ikizidi wastani huo kwa digrii moja au zaidi, kila wiki ya hali hiyo inajumlishwa kwa kipindi cha wiki 12. Digrii moja juu kwa wiki nne ni digrii-wiki 4. Digrii mbili juu kwa wiki mbili ni 4 vilevile. Hesabu ikifika 4, tarajieni kuona matumbawe yakipauka. Ikifika 8, tarajieni vifo. Joto la miaka ya karibuni limepanda mpaka NOAA ikaongeza ngazi tatu mpya za tahadhari juu ya zile za zamani, ya mwisho ikianzia digrii-wiki 20, na Aprili 2024 ikatangazwa kwamba dunia imo katika tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani kote.

Satelaiti ina nguvu moja ambayo hakuna kifaa kingine kwenye orodha yangu kinachoweza kuigusa: inarudi nyuma. Takwimu za Coral Reef Watch zinaanza mwaka 1985. Kijana aliyezaliwa 2004 anaweza leo kufungua grafu akaona Machi na Aprili ya 1998, El Niño ilipopasha magharibi ya Bahari ya Hindi na maeneo mengi ya Kenya yakapoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake hai. Kinasa joto mtakachonunua mwezi ujao hakiwezi kuwaambia lolote la mwezi uliopita.

Udhaifu wake upo kwenye ukubwa wa kipande. Kilomita tano kwa tano ni kilomita za mraba 25. Tengefu ya Kuruwitu, kaskazini ya Mombasa, ambayo wanakijiji waliifunga wenyewe kwa uvuvi, ina hekta 30 hivi. Ingeingia zaidi ya mara 80 ndani ya kipande kimoja. Tena satelaiti husoma ngozi ya bahari tu, na Coral Reef Watch hutegemea vipimo vya usiku ili jua la mchana lisiharibu hesabu. Kwa bahari ya wazi hilo ni jambo jema. Kwa bwawa lililo ndani ya mwamba, ambalo maji ya bamvua yakikupwa hubaki na kina cha magoti huku jua likipanda, ndiko kukosa habari yenyewe.

Mwaka wa kwanza nilipokwenda kufunga vinasa joto Pemba, nahodha mmoja mzee alinitazama nikipanga vifaa kwenye ngalawa, akaniambia, "Mwanangu, kidude chako kiweke, lakini mimi maji haya nayajua kwa nyayo. Huku bwawani panachoma. Pale mlangoni, hata mwezi wa tatu, mguu unasisimka." Tulifunga kimoja bwawani na kimoja mlangoni, kwenye pengo la mwamba maji yanapopitia, alipotuonyesha yeye. Tulipovitoa, mistari miwili kwenye grafu ilikuwa kama ya bahari mbili. Kwenye ramani ya satelaiti sehemu zote mbili zimo ndani ya kipande kimoja chenye rangi moja.

Hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Mwaka 2020 Tim McClanahan wa Wildlife Conservation Society, ambaye amekuwa akihesabu miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, alieleza ukanda wa kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania ambako mifereji yenye kina kirefu hupitisha maji baridi, na matumbawe yake yanapata nafuu wakati kwingine kunaungua. Kama mwamba wenu upo jirani na mfereji wa namna hiyo, mna mali ambayo ramani ya kilomita tano inaweza kuificha. Kinasa joto kitaifichua.

Sasa kifaa chenyewe. Kinasa joto ni kidude kinachoenea kiganjani, hakina waya, na hujiandikia joto kila baada ya muda mliokipangia. Aina inayotumika sana huku kwetu ni HOBO. Ile ya maji ninayoitumia hukosea kwa takriban digrii 0.2 tu na hubeba kumbukumbu za vipimo vipatavyo 42,000. Mkikipanga kipime kila nusu saa, kinakaa siku 875 kabla ya kujaa. Bei ya kimoja inakaribia simu janja ya kawaida, na juu yake kuna kifaa cha kusomea, ambacho mnaweza kuazima kwenye chuo au taasisi ya utafiti badala ya kununua.

Makosa yake nayajua kwa sababu nimeyafanya. Kikikaa mahali ambapo jua linakipiga moja kwa moja kwenye maji machache, kinapashwa chenyewe na mnaandika joto la plastiki. Kiwekwe kivulini, chini ya ukingo wa jiwe. Kabla ya kukifunga na baada ya kukitoa kizamishwe kwenye ndoo ya maji yenye barafu nyingi iliyopondwa, kisome sifuri au karibu yake, vinginevyo hamtajua kama bahari imepanda joto au kifaa kimechoka. Kifungwe kwenye nondo iliyopigwa mahali palipokufa, kamwe kwenye tumbawe lililo hai. Na wavuvi waambiwe. Hili la mwisho lilinigharimu miezi 14 ya vipimo. Tulifunga kinasa joto kimya kimya kwa kuogopa kuibiwa, nyavu ikanasa kwenye nondo, mwenye nyavu akakata alichoona kinamharibia kazi. Hakuwa na kosa. Tulipokwenda kumweleza alisikitika kuliko sisi. Tangu siku hiyo kila kifaa changu hutangazwa dikoni kabla hakijaingia majini, na hakijapotea kingine.

Kwa hiyo kati ya hivi viwili: kama swali lenu ni "hatari inakuja lini", satelaiti inatosha, na CORDIO, taasisi ya utafiti wa bahari iliyopo Mombasa, pia hutoa tahadhari za msimu wa joto kwa nchi za magharibi ya Bahari ya Hindi. Kama swali ni "sehemu gani ya mwamba wetu inaweza kuhimili", satelaiti haitawajibu hata mkiitazama miaka kumi. Nunueni vinasa joto, na msinunue kimoja. Kimoja kinawapa namba. Viwili vilivyowekwa sehemu tofauti vinawapa jibu.

Homa si msiba

Kuna jambo linanisumbua kwenye miradi mingi: fedha zote zinakwenda kwenye joto. Joto ni homa ya mwamba. Anayejua homa hajajua kama mgonjwa amepona au amezikwa.

Tumbawe likizidiwa na joto hufukuza vimwani vidogo vinavyoishi ndani ya nyama yake, vile vinavyolipa rangi na sehemu kubwa ya chakula chake. Hubaki jeupe, hai, likiwa na njaa. Maji yakipoa mapema, vimwani hurudi. Joto likidumu, linakufa, na ndani ya wiki chache linafunikwa na mwani wa rangi ya matope. Mwaka 2016 miamba mingi ya ukanda wetu ilipauka, lakini vifo vilikuwa vichache mno kuliko vya 1998. Satelaiti isingeweza kutofautisha waliopona na waliokufa. Ilibidi watu waingie majini, tena zaidi ya mara moja.

Hapo ndipo utepe unapoingia. Ni utepe mrefu uleule wa wapima viwanja. Njia ya Reef Check, iliyoanza kutumika 1997 na iliyoundwa kwa ajili ya watu wasio wanasayansi, inataka utepe wa mita 100 uliolazwa kwenye kina kimoja, na ndani yake vipande vinne vya mita 20 vikiachana kwa mita tano. Kila nusu mita unaandika kilicho chini ya alama: tumbawe gumu, tumbawe laini, tumbawe lililokufa karibuni, mwani, kifusi, mchanga na kadhalika. Jumla ni pointi 160. Pointi 48 zikiwa za tumbawe gumu, mmepata asilimia 30. Hesabu hiyo mwanafunzi wa darasa la saba anaifanya, na ndiyo hiyo inayojadiliwa na wakubwa kwenye mikutano.

Gharama yake ni utepe, kibao cha kuandikia majini na penseli, miwani na mapezi. Mwamba wa kina kifupi hauhitaji mitungi ya hewa. Maji yakikupwa mtu anaelea juu na kusoma. Gharama kubwa ni watu. Mhesabuji mmoja ataita tumbawe kilichoitwa kifusi na mwenzake, hasa mwaka wa kwanza. Dawa yake ni wawili kupita utepe mmoja siku moja na kulinganisha mpaka wakubaliane, na kupiga picha za fremu ya mraba palepale, ili akija mwingine baada ya miaka mitano aone mlichokiita tumbawe. Udhaifu mwingine ni msimu. Kusi ikivuma nje ya mwamba hakuna anayelaza utepe, kwa hiyo habari zenu zina mapengo ya miezi, wakati kinasa joto kinaendelea kuandika usiku wa dhoruba.

Hata hivyo, nikilazimishwa kuchagua kimoja tu, nachukua utepe. Tunajua kilichotokea Kenya mwaka 1998 kwa sababu kuna watu waliokuwa wamekwishahesabu miamba ileile kabla ya joto kuja. Kwingi ambako hakukuwa na hesabu, wazee wanakumbuka bustani na vijana wanaona mawe, na hakuna wa kusema pengo ni la ukubwa gani. Utepe mliolaza vibaya kidogo mwaka huu, mkaulaza palepale mwaka ujao na mwaka wa kumi, una thamani kuliko kifaa bora kilichopimia msimu mmoja wa mradi. Pigeni nondo mwanzo na mwisho wa mstari, andikeni namba za GPS kwenye karatasi mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti.

Daftari

Hili ndilo jepesi na ndilo linalodanganya kuliko yote likiachwa peke yake. Dikoni kuna mtu tayari anaandika. Unguja na Pemba huitwa bwana diko. Mnachoongeza ni nidhamu: kilo za kila chombo, watu wangapi, saa ngapi baharini, mtego gani, sehemu gani, na samaki kwa majina yao: tasi, changu, pono, chewa, pweza. Kilo 24 za watu wanne ni kilo sita kwa mvuvi. Namba hiyo, mwezi kwa mwezi, inafahamika na kila mtu kijijini, na mkitaka kuwashawishi watu kufunga mwamba kwa uvuvi wa pweza miezi mitatu, daftari litawasaidia kuliko grafu ya joto.

Lakini sikilizeni ya Seychelles. Miamba yake iliharibiwa vibaya mwaka 1998, na mingine ikageuka kuwa mashamba ya mwani. Watafiti walipofuatilia madema ya wavuvi kwa miaka mingi baadaye, walikuta mavuno hayakuanguka. Tasi, ambao hula mwani, waliongezeka na kushikilia kilo. Anayesoma daftari peke yake angesema mwamba ni mzima. Vilevile chombo kikipata mashine kitakwenda mbali zaidi na kurudi na samaki wa mwamba mwingine, nanyi mtaandika kwamba wenu unaendelea vizuri. Ndiyo maana safu ya "sehemu gani" isiachwe wazi hata siku moja, japo najua hakuna nahodha anayependa kutaja bahari yake mbele za watu. Mpeni namba za siri badala ya majina.

Nilivyowajibu

Wanafunzi watatu niliwaambia waachane na utepe. Wana miezi minne, na miezi minne ya utepe haisemi chochote kuhusu mabadiliko. Wachukue satelaiti tangu 1985 na vinasa joto vilivyokwisha kuwekwa na taasisi yoyote itakayowakubalia, walinganishe, waonyeshe ni wapi na msimu gani satelaiti inakosea na kwa kiasi gani. Huo ni utafiti kamili, na kamati za vijijini zinauhitaji.

BMU ile ina tatizo la ubishi wa ndani: nusu ya wanachama hawaamini kwamba eneo lililofungwa linaleta faida. Kwao ni utepe ndani na nje ya eneo, kina kilekile, pamoja na daftari. Joto lisubiri. Hakuna aliyebishana nao kuhusu joto.

Kuna kundi la kina mama wakulima wa mwani, upande wa mashariki wa Unguja, ambao hawakuniuliza lakini nawataja kwa sababu huwa wanasahauliwa kwenye mazungumzo ya matumbawe. Mwani aina ya kottonii, wenye bei nzuri, umekuwa ukifa kwenye maji ya kina kifupi yanayopata joto kali, na wengi wamebaki na spinosumu, aina ya bei ya chini. Kwao kinasa joto ndicho cha kwanza, kimoja shambani na kimoja kwenye maji ya kina zaidi wanayofikiria kuhamia, kabla hawajatoa fedha za kamba na boti. Satelaiti haitawaona kabisa.

Na wewe katibu: satelaiti mfungue kila Ijumaa kuanzia Februari hadi Mei, mkiandika namba moja tu ya digrii-wiki ukutani ofisini. Utepe mlaze Februari kabla ya joto, mrudie mwishoni mwa Aprili kama bahari itaruhusu, kisha mara moja zaidi kusi ikipungua, ili mjue waliopauka wamepona au wamekufa. Vinasa joto viwili mtafute mwakani, na yule mzee wa nyayo, au mfano wake hapo kwenu, ndiye aseme vifungwe wapi. Utepe msinunue. Wangu wa mita 100 hauna kazi mwezi huu. Nitampa nahodha wa boti ya Alhamisi, na nondo nne ndani ya gunia.